Choo cha Kukaa Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi. Goti lake limepasuliwa na daktari amemkataza kuchuchumaa maisha yake yote. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nina siku tano za kuweka cha kukaa, la sivyo ataenda kuishi kwa mwanawe, yaani shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Injinia ingawa anauza miwani. Mke wangu ameshatandika kitanda cha mama yake.

Injinia alipita jioni. Kwa ule upole wake wa kuudhi, akasema yuko tayari kununua choo hapa hapa mjini na kukileta pamoja na fundi. Nikamshukuru, nikakataa. Ng'ambo ya mpaka vifaa vya ujenzi vinauzwa karibu nusu ya bei ya huku. Mke wangu akauliza kama nimefikiria usafiri. Nikamwambia hayo aniachie mimi. Akaniachia, lakini jicho alilonitupia halikuniachia.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata ruhusa kazini masjala. Nimepata na gari: pikapu ya jamaa anayeitwa Polepole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiingiza gia ya nne. Ameniuliza nimejipangaje na watu wa forodha. Nimejipanga vizuri sana. Vitu vilivyokwisha tumika havitozwi ushuru. Nimelisikia hilo kwenye foleni ya chai, kwa mtu anayesema kwa uhakika. Kwa hiyo nitanunua vipya, nivichakaze mwenyewe kabla ya mpaka.

Nimefungasha majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, udongo mwekundu ndoo moja na brashi ya viatu. Mke wangu akauliza udongo ni wa nini. Nikasema wa maua. Hatuna maua.

Jumatano, 5 Machi

Duka lenyewe ni kubwa kuliko ofisi yetu. Vyoo vimepangwa safu kwa safu, vyeupe, vimefungua midomo kama wanakwaya. Nimekalia kumi na moja. Muuzaji akaniomba nichague kabla wateja wengine hawajadhani vinafanya kazi. Nikachukua kimoja, pamoja na sinki, bomba lake na maboksi manane ya vigae.

Tukasimama nyuma ya kituo cha mafuta. Nikapaka udongo. Nikamwagia majani ya chai ndani ya bakuli la choo na kusugua mpaka nikaona kinyaa mwenyewe. Polepole alikataa kushiriki. Alikaa garini akila karanga, akasema yeye ana watoto.

Forodhani tulikutana na mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso. Nikamwambia ni vitu vyetu vya nyumbani, tumevitumia miaka. Akainama, akachungulia choo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mlikuwa mnakitumia nyumba ipi?" akauliza. "Ya huku au ya kule?"

Swali hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema zote mbili.

Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba choo kilichotumika hakiruhusiwi kabisa kuvuka mpaka, kwa ajili ya afya za watu. Kingekuwa kipya ingekuwa habari nyingine. Vitu vyote vikashushwa bohari. Tumeambiwa turudi kesho. Nimepanga chumba nyumba ya wageni. Choo chake ni cha kukaa. Nimekitazama kwa uchungu.

Alhamisi, 6 Machi

Niliamka na mpango mpya: niseme ni vifaa vya mchezo wa kuigiza wa shule. Nikampigia mke wangu ili anisaidie jina la shule. Akasema, "Baba watoto, mama anafika keshokutwa. Nakuomba, leo tu, sema kweli."

Tumeoana miaka kumi na tisa sasa. Hajawahi kuniomba kitu kidogo kama hicho.

Nikaenda kwa yule mama wa forodha na kumweleza yote: goti, shemeji, foleni ya chai, udongo. Nilimalizia na risiti, ambayo ilikuwa ndani ya soksi. Akaisoma akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Akashusha miwani.

"Vimetengenezwa huko huko ulikonunua," akasema. "Ni vya nyumba yako, na ni vichache. Kuna fomu ya ukurasa mmoja. Unachotakiwa kulipa hakifiki hata bei ya chumba ulicholala."

Nikakaa chini. Hakukuwa na kiti.

Sharti lilikuwa moja: sitatoa kitu kichafu hivyo kwenye bohari yake. Nimesugua choo saa nzima kwenye bomba la uani, mbele ya madereva wa malori, kila mmoja akinipa ushauri. Mmoja akaniazima sabuni ya unga, mwingine akanionyesha nilipopasahau. Kilipoanza kung'aa walipiga makofi. Nimefua, nimeosha vyombo, nimeosha watoto. Sijawahi kuosha kitu kwa raha namna ile. Njia nzima Polepole hakuingiza gia ya nne, na mimi sikuwa na haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amekuja asubuhi, akakizunguka choo mara mbili, akauliza nilipokuwa nanunua nilipima nini. Nikamwambia nilipima kukalia. Kumbe tundu la kutolea maji la choo hiki liko nyuma, kuelekea ukutani. Bomba la nyumba yetu limetokeza sakafuni. Akakusanya vifaa vyake.

Na nani akapiga hodi saa ile? Injinia. Nikakifunika choo kwa shuka, nikakiegemea. Tukazungumza habari za afya. Mwishowe akasema niondoe shuka, ameshauona mguu wa choo.

Nilisubiri anicheke. Alichuchumaa akatazama nyuma ya choo, akaniambia jambo ambalo hajamwambia hata dada yake. Naye choo chake alikinunua kule kule, na kilikuwa vivyo hivyo. Kilikaa sebuleni miezi mitatu chini ya kitambaa cha meza. Wageni walikuwa wanaweka vikombe juu yake.

Tulicheka mpaka fundi akarudi kuona kulikoni. Injinia akaenda kwake, akaleta elbo, kile kipande cha bomba kilichopinda, alichokuwa amenunua cha akiba. Kimeingia kama kimezaliwa pale. Saa kumi tukavuta maji. Yakashuka yote. Tukavuta tena, hivi hivi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Amesalimia, amekunywa maji, akauliza njia. Mke wangu akamshika mkono, mama yake akakataa. Akaingia peke yake, akafunga mlango.

Mimi na Injinia tukajifanya tunaangalia dari. Dakika zikapita. Kisha maji yakasikika, mlango ukafunguka, na bibi wa watu akatoka kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa.

Yeye huwa hazungumzi nami moja kwa moja, tunaheshimiana hivyo. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mwenzio, tangu nipasuliwe leo ndiyo nimekaa kama mtu."

Nikatoka nje kukagua ukuta wa nyuma. Hauna tatizo lolote. Nimeukagua muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

Nyumba imetulia. Mke wangu anaimba jikoni. Mama mkwe ameomba vigae vilivyobaki viwekwe kibarazani.

Nimekuwa nikiwaza juu ya paa la jikoni. Mabati ya kule ni mazuri na bei yake ni ya kuchekesha. Fomu ya ukurasa mmoja naijua sasa, na ni rahisi. Lakini mtu ajaze fomu ya nini? Mabati yakifungwa vizuri juu ya pikapu, kwa skrubu, huo si mzigo tena. Hilo ni paa la gari. Mabati ishirini, yakibebana, ni paa nene tu.

Polepole amesema atafikiria. Mimi nimeshanunua skrubu.