Mratibu wa Harufu za Pedeli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kuzima simu. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kuondoa Harufu kwenye Pedeli Kongwe za Magitaa, ambayo mimi, Thobias Maige, ndiye Mratibu wake Mkuu. Wachungaji, mapadri, mashehe na wazee wetu wa kimila. Wenye maduara ya kuchimbia dhahabu, wenye makarasha ya kusagia mawe, mama lishe, bodaboda, na wewe uliyepanda juu ya tangi la maji, nimekuona, teremka. Wana Rwamgasa wote, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

(Umati: Mwadila! Jua linazama, Mheshimiwa, hiyo ni salamu ya asubuhi!)

Mwadila, basi. Nilipoiandika hotuba hii ilikuwa asubuhi.

Ndugu wananchi, kabla ya ujio wangu hali ilikuwa tete. Kwa wale wasiofahamu, pedeli ya gitaa ni kisanduku cha chuma ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu, na papo hapo sauti ya gitaa ikanguruma, ikalia, au ikajirudia mara tatu nne kama mama mkwe aliyekosa jibu. Visanduku hivyo vililetwa huku na wanamuziki wa enzi zile, vikalala kwenye mabanda ya tumbaku kule Ushetu, vikasafiri juu ya magunia ya dagaa, na panya wakajisaidia humo kizazi baada ya kizazi. Upembuzi yakinifu, uliofanywa kwa kutumia pua yangu mwenyewe kwa kushirikisha stekiholda wote, ulibaini kwamba asilimia tisini na tisa ya pedeli zetu zinanuka, na asilimia kumi na tano iliyobaki iko kwenye mchakato wa kunuka.

(Makofi. Mtu mmoja: Hiyo imezidi mia!)

Imezidi kwa sababu sisi hatufanyi kazi kwa kiwango cha chini, ndugu yangu.

(Mwanamke mmoja aliyesimama karibu na maspika: Shikamoo, Mheshimiwa.)

Marahaba. Ndugu wananchi, huyu ni binti yetu Asteria, mpiga gitaa, ambaye bendi yake imetuazima maspika haya bila hiyana. Mpigieni makofi.

(Asteria: Mheshimiwa, kisanduku cha marehemu baba yangu ulikichukua ukasema unakwenda kukitoa harufu. Kesho napiga harusini Kolandoto, na bila mwangwi wa kile kisanduku sina wimbo hata mmoja. Kiko wapi?)

Swali zuri sana, mwanangu, na jibu lake lipo ndani ya hotuba, kurasa za mbele kidogo. Marehemu Marselino, baba yako, alikuwa msanii mkubwa, na kisanduku chake kilikuwa na harufu kubwa vilevile, kwa hiyo kimepewa kipaumbele cha juu kabisa katika rodimapu yetu.

(Asteria: Kiko wapi, Mheshimiwa?)

Naja huko huko. Awamu ya Kwanza, ndugu zangu, ilihusu ukusanyaji. Niliagiza watendaji wangu wapite kijiji kwa kijiji kukusanya pedeli zote zenye umri mkubwa na harufu mbaya, nao, kwa uzalendo wa hali ya juu, walifanya hivyo mpaka stoo ikafurika. Tulipozichomeka kwenye gitaa hazikutoa sauti yoyote, tukaunda kamati ndogo ya kuchunguza ukimya huo, na kamati ikabaini kwamba zote zilikuwa pedeli za baiskeli.

(Kicheko. Mzee mmoja: Kumbe ndiyo maana! Baiskeli yangu tangu mwaka jana naikokota!)

Vumilia, mzee wangu. Natambua kwamba mpaka leo Wasukuma wengi wanasukuma baiskeli zao, lakini naomba tulitazame jambo hili kwa jicho la fursa, maana kutembea ni afya, na pedeli zenyewe, nathibitisha, zilikuwa zinanuka kweli. Awamu ya Pili ni maabara ya kisasa, ambayo picha yake mmeiona kwenye kalenda, mimi nikiwa mbele na mlango ukiwa nyuma. Humo kila kisanduku kinafunguliwa, kinapigwa brashi, kinaoshwa kwa sabuni na maji mengi ya moto, kisha kinachemshwa na limao mpaka kitoke kwenye kunuka na kuingia kwenye kunukia. Luka, dereva wangu, hebu funga buti la gari, kuna kitu kinatunukia vibaya hapa.

(Upepo unavuma kutoka kwenye gari. Waliokaa mbele wanaziba pua. Asteria ananusa, anatabasamu, anakwenda moja kwa moja kwenye buti la Mheshimiwa, anainua tairi la akiba na kutoka na kisanduku cha chuma chenye kutu.)

Luka! Nimesema funga!

(Luka: Mheshimiwa, kimenitesa mwaka mzima. Acha kiondoke.)

Ndugu wananchi, mnachokiona ni maabara inayotembea. Mobailo. Hiyo ndiyo inovesheni yenyewe.

(Asteria anakitia betri, anakichomeka kati ya maikrofoni ya Mheshimiwa na maspika, kisha anakikanyaga.)

Wapo wanaobeza, beza, beza, beza... Nani kagusa mitambo, tambo, tambo? Haidhuru. Nasema hivi, na waandishi mniandike: mradi huu haupo...

(Mheshimiwa anapumzika kidogo ili maneno yaingie. Maspika: haupo... haupo... haupo...)

(Umati: Haupooo!)

Jamani, sijamaliza! Nilitaka kusema haupo kwenye makaratasi tu! Haupo kwenye makaratasi...

(Maspika: haupo kwenye makaratasi... haupo kwenye makaratasi...)

(Umati: Hata kwenye makaratasi!)

Asteria mwanangu, nakuomba uondoe mguu. Asante. Sasa, kwa kuwa muda hauko upande wetu, niingie kwenye shukrani. Namshukuru Luka kwa kuendesha gari akiwa ametoa kichwa dirishani mwaka mzima. Namshukuru mama mwenye banda la kuku aliyeturuhusu kupigia picha mlangoni pake, na ninawashukuru kuku wenyewe kwa utulivu wao. Nawashukuru wataalamu wa maabara, ambao nitawatambulisha mara nitakapowapata.

(Asteria: Na mimi niseme neno, Mheshimiwa.)

Sema, lakini kwa ufupi.

(Asteria: Nimekifungua nikakikagua. Kinanuka tumbaku, dagaa na panya kama baba alivyokiacha, na kinalia. Mngekichemsha kweli na limao, saa hizi nimeshakizika. Kwa hiyo asante sana, Mheshimiwa, kwa kutofanya kazi yako.)

(Mheshimiwa anafuta jasho, kisha uso wake unang'aa.)

Mmesikia! Mdau ameridhika asilimia mia, na ndiyo kwanza hatujaanza! Basi wote kwa pamoja, mikono juu: harufu!

(Umati: Idumu!)