Maharage ya Ukaguzi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Balaa! Bwana Lusekelo, bwana afya aliyehamia kutoka Mbeya, ameingia mgahawani kwangu saa nne na kuondoa vikopo vyote vya chumvi mezani. Kanuni mpya. Alhamisi anarudi na kipimo cha kuchovya kwenye maharage. Chumvi ikizidi kinalia, na mgahawa unafungwa. Nimemuuliza kama anajua msimu wa kahawa unaanza na wakulima watajaa Mbinga na njaa zao. Amesema anajua. Mtu mkavu sana yule.

Jumanne, 10 Juni
Madereva wa malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka wanakuja kwangu kufuata ladha. Ladha ni chumvi! Nimemwambia mke wangu Otilia, ambaye ndiye mpishi, kwamba tumekwisha. Kasema nitulie, Mungu yupo. Yupo, lakini mwenye kipimo ni Lusekelo.
Mama Vitalia, mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, kajisifu mbele ya Lusekelo kwamba yeye chumvi aliiacha zamani. Namwamini. Chakula chake sijawahi kukionja, lakini kwa sura tu kimepooza. Hapo hapo akili ikanifunguka.

Jumatano, 11 Juni
Mpango: kesho asubuhi dereva Nicholaus atanunua hotpoti nzima ya maharage ya Vitalia. Lusekelo atapima hayo, mezani kwangu. Otilia asijue. Yule huungama hadi mawazo. Nimeshinda nikijipongeza.

Alhamisi, 12 Juni
Fedheha! Kipimo kimelia. Lusekelo karudia, kikalia tena. Kasema chumvi namna hii hajaikuta ila kwa samaki wakavu wa Lipingo, kule Ziwa Nyasa. Kumbe yule mama ni mwongo! Ningesema nini? Kwamba maharage si yangu? Kanipa hadi Jumamosi. Nikishindwa, nafunga msimu mzima.
Kisha kavuka kwa Vitalia. Kipimo kimya! Kapewa cheti na sifa mbele ya wateja.
Nimerudi jikoni nikamkuta Otilia anacheka hadi machozi. Kasema alfajiri Perpetua, mdogo wake Vitalia, alikuja kununua maharage yetu, sufuria nzima. Yaani nimeanguka kwa maharage yake, naye kafaulu kwa yangu!
Lakini yetu yalifaulu vipi? Otilia kakiri. Tangu Jumatano ya Majivu anapunguza chumvi kidogo kidogo, kwa ajili ya presha yangu. Huo ndio ulikuwa mfungo wake wa Kwaresima. Pasaka ikapita, hakuna mteja aliyelalamika, akaendelea. Perpetua tu, anayekula kwetu, ndiye aliyegundua. Miezi mitatu mimi nawaringia madereva ladha ya chumvi isiyokuwepo! Nilikasirika. Kisha nikaona aibu. Kisha nikamshika mkono, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi ya binti yetu Jacqueline. Nampenda mwanamke huyu, ingawa ni msiri kupita kiasi.

Jumamosi, 14 Juni
Tumefaulu! Maharage yetu, sufuria yetu, kipimo kimya. Lusekelo katabasamu, kumbe ana meno. Nimetundika cheti juu ya picha ya Bikira Maria. Otilia kakishusha chini yake. Nimepita zahanati pia. Presha imeshuka kuliko ya Januari, na nesi kasema niendelee hivyo hivyo. Msimu na uje!

Jumapili, 15 Juni
Wazo limenijia katikati ya mahubiri. Migahawa yote Mbinga itapimwa, na kila mmoja utahitaji sufuria moja tu inayofaulu. Nani anayo? Sisi! Tutawauzia maharage ya ukaguzi, ya moto, hadi mlangoni. Nimemnong'oneza Vitalia nje ya kanisa. Katazama huku na huku, kisha kaagiza ya mwezi ujao. Otilia sijamwambia. Atafurahi akizoea.
Tatizo ni moja. Maharage yetu yakienda yote kwa wateja, mimi nitakula nini mchana? Nimeshalitatua. Nitakuwa navuka barabara. Yale ya Vitalia yaliyobaki Alhamisi niliyamaliza mwenyewe nyuma ya jiko. Matamu ajabu!