Baiskeli ya Blasina Chini ya Riboni

Jumapili, 13 Julai
Yurani, mjukuu wangu, huna haya! Pasaka imepita, mvua zimepita, mguu wako haujakanyaga kijijini kwetu Aquitania. Basi nakuandikia humu daftarini, siku ukija ujisomee ulichokosa. Shule nilisoma kidogo tu, ila macho ninayo: Blasina jirani ana baiskeli mpya. Kaboni, si chuma! Nimeiinua kwa kidole kimoja, kama kifaranga. Nikajikuta nimevua kofia.

Jumapili ijayo ni mashindano: kuogelea ziwani, baiskeli, kisha mbio. Waliopita miaka sabini ni sisi wawili tu. Mwaka jana, na chuma changu cha kubebea vitunguu, mlimani nilishuka nikakisukuma, watu wananicheka. Safari hii sishuki! Nimemwomba aniazime. Kasema mume anaweza kuniazima, baiskeli hapana.

Jumanne, 15 Julai
Kesho ni sikukuu ya Bikira wa Karmeli, kila chenye magurudumu kinabarikiwa. Nimejitolea kupamba baiskeli zote mbili. Blasina kalia kwa furaha, maskini. Riboni, maputo, maua ya karatasi, mpaka haionekani kaboni wala chuma. Mapacha! Na mapambo ya Bikira hayavuliwi kabla ya Jumamosi. Nikichukua yake, nani atajua?

Jumatano, 16 Julai
Padri Teódulo kamwaga maji, malori yakapiga honi, nikachukua ya Blasina nikayoyoma. Nzito kidogo. Nikasema ni riboni, na maji ya baraka. Nikaukabili mlima. Yurani! Sikushuka! Mlima ulinilalia chini kama ng'ombe mpole. Kileleni nikapiga magoti, nikabusu usukani. Kaboni ni muujiza.

Jumamosi, 19 Julai
Blasina kapita mlangoni juu ya kaboni yake, nyeusi, inang'aa. Kanishukuru kwa mapambo. Nikakimbilia mkasi, nikakata riboni. Kutu! Chuma changu mwenyewe! Nimekaa sakafuni. Mlima ule, kwa kutu hii? Nimeitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine.

Jumapili, 20 Julai
Nimemaliza! Mlimani sikushuka! Blasina alinitangulia mbali, lakini kanisubiri na blanketi na supu, akanifokea mbele za watu: "Unaona, shoga, kichwa maji wewe? Shida haikuwa baiskeli. Miguu unayo!" Tukakumbatiana, tukalia kama watoto.

Kasema kweli. Sasa miguu kama hii, juu ya kaboni, itafika wapi?

Kwa hiyo Desemba ukija, anzia kwa Blasina. Sifia supu yake, omba bakuli la pili, mshikilie mezani. Mlango wa uani, inakolala kaboni yake, nitaufungua mwenyewe.