Motokaa Nyekundu ya Mkuu wa Zimamoto

Shinyanga, Jumatatu, 3 Agosti 1936
Leo nimekuwa mtu. Bwana Meneja wa kiwanda cha pamba kanunua motokaa mpya, ile kuukuu katupatia sisi wa zimamoto. Imepakwa rangi nyekundu, kengele ubavuni, mapipa mawili ya maji nyuma. Mkuu anakaa mbele. Mkuu ni mimi, Nassibu, walau hadi Ijumaa jioni. Hapo Meneja atakagua, kisha aamue nibaki mimi au apewe Marselino, seremala. Marselino hana hata kofia.

Jumatano, 5 Agosti
Vumbi la mji huu halina adabu. Nafuta, linarudi. Marselino kanishauri niujaribu mpira wa maji. Wivu tu. Mkaguzi huanza na macho.

Alhamisi, 6 Agosti
Kisima kinakauka, foleni ya ndoo imefika barabarani. Uani mwa kiwanda wakulima wanasubiri mizani. Mmoja, Mageni wa Kishapu, siku ya tatu analala juu ya magunia yake ya pamba. Akiuza ndipo anunue mtama, yeye na mkewe wale hadi mvua. Namhurumia. Nimeosha motokaa kwa maji ya mapipa. Nitayajaza kesho mchana. Imeng'aa hata Mageni kaja kuishika. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 7 Agosti
Asubuhi, cheche ya kiko cha mtu, pamba ikashika. Nikapiga kengele. Tulifika wa kwanza. Nikaamuru maji. Mpira ukakohoa, basi. Marselino akavua shati, akawaita wakulima, wakabeba mchanga kwa shuka zao. Kiwanda kimepona. Magunia ya Mageni yamebaki mawili. Alikaa penye majivu, akaniambia wabeja, yaani ahsante, kwa kuwahi. Heri angenitukana. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona. Hajui maji yalikokwenda, nami sikumwambia.
Ukuu kapewa Marselino. Mimi nimeachiwa usukani.

Jumapili, 9 Agosti
Marselino kaniagiza nimrudishe Mageni kwao.  Njia nzima nikawaza: watu watalala njaa ili motokaa ing'ae. Nikaapa nikifika nitakiri mbele ya mkewe.
Mkewe, Esta, ndiyo kwanza anatoka kisimani. Kaondoka alfajiri, karudi na mtungi mmoja. Akanipa maji, akasema pole kwa safari. Nikafungua kinywa nikiri. Mara nikaona majirani wanakuja, na motokaa imejaa vumbi hadi kengele haionekani. Mageni ana msiba tayari. Aonekane pia kaletwa na kitu kichafu? Nikaomba mtungi. Esta akasita, akanipa. Nimeosha milango yote miwili na taa.
Watu wameisifu sana. Kukiri ningekiri vipi, wakati mzuri kama ule?