Daftari la Tumbo la Mzee

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya mkwe, mbele ya shehe, na mbele ya chungu kizima cha uji.

Nina mbwa. (Tulieni. Ni mbwa wa shamba. Kima wa hapa Mgogoni hawali muhogo wangu, wanauvuna.) Analala kwenye kibanda nyuma ya migomba, ndani haingii, na akinigusa na pua yake ya maji naosha mara saba, moja kwa udongo, hesabu naijua. Jina lake Mzee. Nilimpa jina hilo tangu mdogo kwa sababu alizaliwa na kidevu cheupe. Wakati huo sikuwa na mke, kwa hiyo sikuwa na mkwe, kwa hiyo sikuona tatizo. Majirani wanajua nina mbwa, lakini jina hawalijui. Nani anamuuliza mtu jina la mbwa wake?

Sasa Mzee ana tumbo. Huu mwaka wa pili. Akila chenye mafuta anaharisha, akikaa na njaa anatapika povu la manjano. Daktari wa mifugo kule Chake alinipa masharti: wali mtupu usiotiwa nazi wala chumvi, boga la kuchemsha, kidogo kidogo mara nne kwa siku, mifupa na vichwa vya samaki marufuku. Na daftari. "Andika kila anachokula na kila kinachotoka," alinambia. "Bila ya hivyo tutakuwa tunabahatisha tu." Basi naandika. Juu ya jalada nimeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: TUMBO LA MZEE. Nampenda mbwa yule, sifichi. Mtu hakai na daftari la kinyesi mwaka na zaidi kwa ajili ya kiumbe asiyempenda.

Jumamosi akaja baba yake Raya, mke wangu, kutoka Kiuyu. Mara yake ya kwanza, kaja kutazama binti yake anaishi vipi. Anaitwa Mzee Faki. Nyumbani sote tunamwita Mzee. (Ndiyo. Mmeshaanza kuona.) Raya alinionya mapema: "Baba akimuona mbwa huyo atakwambia umuondoshe, na wewe kumkatalia huwezi. Mfiche mpaka Ijumaa aondoke. Na jina libadilishe!" Nikasema sawa. Mbwa nikamficha. Jina nikasema nitalibadilisha kesho, kila siku kesho.

Leo asubuhi nimekwenda dukani kwa Bi Mize kununua mchele wa mgonjwa. Daftari nilikuwa nalo, maana nilitaka kumpigia daktari simu nimsomee. Kabla sijapiga, simu ikalia. Raya.

"Njoo mbio! Baba kashika bakora, anataka kwenda kutembea shamba!"

Nikabeba mchele, nikarukia baiskeli. Daftari likabaki juu ya meza ya duka.

Mkwe nimemuwahi anakaribia migomba. Nikamwambia shambani kuna nyuki, wabaya sana mwaka huu. Akarudi, akakaa zake barazani, hana neno. Nikajiona hodari. Nimejiona hodari kwa muda wa nusu saa nzima.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Bi Mize. Nyuma yake wanawake watatu, mmoja na chungu cha uji wa pilipili manga, mwingine na rundo la majani ya mpera, dawa ya tumbo. Nyuma yao Shehe Hamad, imamu wetu, kashika kitu chenye wino mwekundu. Nikalijua jalada langu.

"Tumekuja kumtazama mgonjwa," akasema Bi Mize, kwa sauti ya msibani.

"Mgonjwa nani?" akauliza mkwe.

"Maskini, hata hajijui! Kaa, ami, usinyanyuke. Ntu nzima hafichi maradhi."

Kabla hajajibu, bakuli la uji liko mkononi mwake. Akanywa. (Angefanya nini? Uji wa Bi Mize haukataliki.)

"Bi Mize," nikasema, "hebu tuzungumze pembeni kidogo..."

"Wewe nyamaza! Zamu yako inakuja."

Shehe akafungua daftari. Shehe wetu ni mtu mpole, na anasoma polepole, kila herufi anaipa haki yake. "Mwanangu," akaniambia, "mie sikutaka kulisoma hili. Lakini nimeletewa, ukurasa wa mwisho nimeshausoma, na nataka unifahamishe." Akasafisha koo.

"Jumapili. Mzee kala wali mtupu. Kajisaidia mara moja, kigumu, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," wakaitikia wanawake.

"Jumatatu. Mzee kaiba kichwa cha samaki jaani, kwenye takataka. Kaharisha mara tano nyuma ya migomba. Nimemfunga kamba."

Wanawake wakageuka kumtazama mkwe.

"Jumanne. Mzee kakataa dawa ya minyoo. Nimembana taya mpaka kaimeza. Kamfukuza kuku wa Bi Mize, hakumpata."

"Nkasema, yakhe, homa hiyo!" akalia Bi Mize. "Ishampanda kichwani!"

Mkwe akaweka bakuli chini. Taratibu.

"Mie," akasema, "nimeiba kichwa cha samaki jaani?"

"Hapana, Mzee! Si wewe, Mzee. Ni Mzee..."

"Mzee yupi?"

Nilikuwa nafungua mdomo, wallahi nilikuwa naufungua, na ndipo yule mwingine, aliyekwisha kusikia jina lake mara kadhaa, akaamua kuitika. Kamba kaikata. Akachomoka kwenye migomba, mkia juu, moja kwa moja kuelekea kwa wageni. Wanawake wakapanda barazani na majani yao ya mpera. Shehe akakunja kanzu mpaka magotini. Nami kwa hofu nikapiga kelele kwa pumzi zangu zote:

"Mzee! Toka hapa! Rudi kibandani kwako!"

Mkwe akasimama. Akachukua bakora yake, akavaa kofia yake.

"Kibanda gani?" akauliza.

Aliyeniokoa ni Raya, aliyetoka jikoni na mwiko mkononi akamaliza kila kitu kwa pumzi moja: "Baba, ni mbwa. Anaitwa Mzee. Anaharisha."

Hapo Bi Mize akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Shehe akajifunika uso kwa daftari, akakumbuka ni daftari la nini, akaliweka mbali. Mkwe tu ndiye hakucheka. Alimtazama mbwa, muda mrefu, na mbwa akamtazama yeye. Nikajua basi, nimeshampoteza. Machozi yalikuwa karibu na sioni haya kusema.

"Mwaka wa ngapi huu anaharisha?" akauliza.

"Wa pili, Mzee." (Mbwa akatikisa mkia.)

"Na vichwa vya samaki anavipata jaani?"

"Ndiyo."

"Na jaa liko wazi?"

"Liko wazi."

"Sasa daftari la nini, mwanangu? Si ulifukie jaa!"

Kurasa themanini nimeandika, jamani. Neno "jaa" limo karibu kila ukurasa, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Wangu nilimponesha vivyo hivyo," akaongeza mkwe.

Raya akageuka. "Wako? Wako nani, baba?"

Mkwe akakohoa. Akaomba aongezwe uji. Akakohoa tena. Anao wawili! Wawili, shambani kwake Kiuyu, tangu kima walipommalizia muhogo mwaka jana, na alikuwa anamficha binti yake habari hiyo. Siku zote hizi sisi tunamficha mbwa wetu, naye anaficha wake, na kila mmoja anazungumza habari za mvua.

Kisha akatoa hukumu, mbele ya shehe: "Mbwa na abaki. Jina ndilo liondoke. Leo hii." Nikakubali mbio. Jina jipya tukachagua Hodari.

Mchana tumefukia jaa, mkwe mwenyewe kashika jembe. Jioni hii nimepeleka wali nyuma ya migomba. "Hodari! Hodari!" Kalala tu, hata sikio halikutikisika. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikaita kwa sauti ndogo kabisa: "Mzee, njoo ule."

Wamekuja wote wawili.

Atakayecheka namletea Mzee akae kwake wiki nzima. Sisemi yupi.