Zukini Zilizofungwa kwa Uzi wa Kijani

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nimempikia mume wangu mayai. Yaliungua. Akasema ni matamu, akaomba mengine! Huyu ndiye niliyeolewa naye. Kila nikikumbuka kwamba jioni haendi kwao, kwao ni hapa, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mzukini wetu umetoa maua! Zukini ni ndugu wa tango na boga, ya kijani, inaliwa ikiwa changa na ganda lake. Tumeupanda kibarazani nyuma, ndani ya ngoma ya mashine mbovu ya kufulia. Mume wangu ni fundi wa mashine hizo na friji, hakosi vyuma. Ngoma ina matundu tayari, maji ya ziada yanatoka yenyewe. Akili aliyonayo!

Mama mkwe kapiga simu. Alikuwa mkunga, kastaafu, lakini sauti bado ni ile ya kumwambia mtu asukume. Mpaka leo ananiita mgeni. Mgeni hajambo? Mgeni kala? Wifi yangu anaitwa mwanangu. Paka wao anaitwa mwanangu. Mimi, mke wa mtoto wake wa pekee wa kiume, mgeni! Baada ya mume wangu, sitaki kitu duniani ila mama yule aniite mwanangu. Hata mara moja.

Akauliza bustani inaendeleaje. Nilitaka kusema ina maua. Mdomo ukasema tunavuna. Ukapata mwendo: tunazikaanga kwa vitunguu saumu, tunazitoboa katikati na kuzijaza nyama ya kusaga, tunazikuna tukachanganya na mayai tukapika vichapati. (Mapishi yote nimeyasoma kwenye simu nikiwa kazini, wateja wa fotokopi wakisubiri.) Mama mkwe akasema vema, Jumamosi atakuja kuonja, na wifi atamsindikiza.

Mungu wangu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeuchunguza mmea. Maua ni ya aina mbili. Mengine yana kikonyo kirefu chembamba, yamesimama kwa madaha. Mengine yana shingo fupi, na nyuma ya ua kuna kitumbo cha kijani. Zukini changa hizo!

Nikapata mpango. Haya membamba hayana tumbo, hayazai, yanakula ya bure. Nikayachuma yote. Chakula chote kiende kwa wazazi. Sikusoma sayansi mpaka kidato cha nne kwa mapambo!

Na yanavyokaa vizuri kwenye glasi! Moja nikaliweka kwenye kopo la chakula la mume wangu, juu ya maharage. Jioni karudi kalichomeka kwenye kofia. Karakana nzima imemcheka, hakulitoa. Sisimizi waliokuwa ndani wamemuuma sikio, hakulitoa! Naandika huku nafuta machozi.

Jumatano, 8 Oktoba

Vitumbo viwili vimegeuka njano kwenye ncha, vikaoza. Vilivyobaki nimevisemesha kwa upole. Nimeviimbia. Nimechuma maua membamba mengine kuvipunguzia mzigo.

Wifi kapiga simu kuuliza kama aje na mboga zake, kwa tahadhari tu. Tahadhari! Huyu akichomeka kijiti cha kiberiti kwenye ndoo kinaota majani. Nikamwambia asijisumbue, wifi yangu, zetu zinatushinda, tunagawia majirani. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mmea hauna hata zukini moja. Nimekimbilia sokoni wakati wa chakula cha mchana. Zimeisha! Hoteli imebeba zote. Muuza mboga kaniuzia matango. Kasema ni ukoo mmoja, yakishakutana na kikaango nani atauliza cheti cha kuzaliwa. Mtu mwenye hekima sana.

Fundi cherehani wa mlango wa pili kanipa uzi wa kijani. Akauliza nashona nini. Nikasema mboga. Akaniongezea mita moja.

Mume wangu kashauri tumwambie mama ukweli. Kasema mama yake hadanganyiki, alipokuwa mdogo akiiba sukari mama alikuwa anamtazama visigino tu, anajua. Nikamwambia ndoa ni kusaidiana. Akavuta pumzi ndefu, akaja kunishikia majani nikiwa nafunga matango kwenye mmea. Wanaume wangapi wanashikia wake zao majani? Matango matatu yananing'inia. Nimesimama mlangoni, nimefumba jicho moja. Zukini kabisa!

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamefika asubuhi, jua halijakolea. Mezani nilikuwa nimeweka glasi ya maua niliyoyachuma alfajiri, yamefunguka yanang'aa. Mama mkwe akayatazama. Akayatazama tena.

Nikawaomba wakae wanywe chai, nitavuna mwenyewe. Akae nani! Kavaa miwani, moja kwa moja kibarazani. Nikasema mmea una haya, haupendi kuguswa na watu wasiouzoea. Wifi akasema hajawahi kuona zukini yenye vipele. Nikasema ni joto. Hapo hapo uzi wa tango moja ukakatika, likaangukia ndoo ya maji. Chubwi! Wifi akauliza, kumbe wifi zukini zako zinakwenda kuoga zenyewe?

Mama mkwe akainama, akaliokota, akaufuata uzi kwa kidole mpaka kwenye fundo. Akasema amezalisha nusu ya mji huu na hajawahi kuona mtoto anayefungwa tena kwa mama yake baada ya kukatwa kitovu. Tena kwa fundo la kamba ya kiatu.

Mume wangu akajitokeza mbele, akasema fundo ni lake. Uongo! Fundo langu! Alisimama pale kifua mbele, mwongo wangu mtukufu, na visigino vyake vinatetemeka. Mama hakuangalia uso hata kidogo. Akaangalia chini, akamwambia asogee.

Basi nikaangua kilio. Nikatapika yote, hata uzi wa fundi cherehani. Kwamba hatujavuna hata moja. Kwamba nilitaka aone mwanawe ameoa mtu mwenye mikono, siyo mgeni. Kwamba nimejitahidi mno, kila asubuhi nimeng'oa maua yasiyo na kazi ili yenye kazi yashibe, na bado yanaoza.

Mama mkwe akauliza, maua yapi? Nikaonyesha glasi mezani.

Akakaa kwenye kigoda. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema hao ndio waume! Kila siku nakwenda kuwakamata waume wote, nawatia kwenye glasi, kisha narudi kuwaimbia wake wazae. Akaniuliza, mtu uliyeolewa juzi, mwalimu wa sayansi alikuwa likizo siku ya somo hilo? Wifi alikuwa ameshikilia ukuta, hana sauti. Mume wangu akasema taratibu kwamba basi alikuwa ameshinda kutwa na mwanamume mwenzake kichwani.

Mama mkwe akachukua ua moja kwenye glasi. Akalivua yale majani ya njano, kikabaki kijiti kidogo katikati chenye unga. Akanishika mkono. Kulikuwa na ua moja lenye tumbo lililofunguka asubuhi hiyo. Tukalipaka unga ule ndani, polepole, kama unavyompaka mtoto poda. Mkono wake ni mgumu na una joto. Akasema tumbo hili halitaoza sasa. Akasema siku nyingine nikikwama nimpigie simu, nisimpigie fundi cherehani. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Mwanangu!

Nimesikia kwa masikio yangu yote mawili! Wifi kasikia! Mimi na paka wao sasa tuko sawa!

Maua mengine hakuyatupa. Alitoa vile vijiti vya ndani, akakoroga unga wa ngano, yai, chumvi na maji baridi, uji mwepesi tu. Unachovya ua zima, unaliacha kwenye mafuta ya moto mpaka kingo zilie kau. Matango tukayakatia ndimu na chumvi. Wifi ndiye aliyekula maua mengi kuliko sote, kisha akanisogelea jikoni na kuninong'oneza kama naweza kumgawia mbegu. Nikamwambia nitafikiria. Lo, utamu wa neno hilo!

Alhamisi, 16 Oktoba

Imeshika! Jumapili ilikuwa kidole, leo imepita kiganja. Siku hizi mimi ni mshenga. Asubuhi namchukua bwana harusi mmoja kwenye kikonyo chake, nampeleka kwa bibi harusi, na mume wangu amesimama na kikombe cha chai anapiga vigelegele mpaka majirani wanachungulia.

Leo tumeikata. Vipande vyembamba, vitunguu saumu, mafuta kidogo, kikaango cha moto kweli. Chumvi mwishoni, ukiitia mapema inatoa maji inakuwa supu. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Tumekula sahani moja. Kipande cha mwisho tumesukumiana kwa uma mpaka kikapoa, nikakila.

Nikamwambia mume wangu nimepata somo la maisha: kuanzia sasa ni ukweli mtupu. Akanitazama visigino.

Jioni simu ya mama mkwe. Mwanangu, hujambo? Nikayeyuka kama siagi. Nikamwambia zukini imeliwa, na sio ya kufungwa. Akafurahi! Akasema anajivunia mikono yangu. Akauliza, na nini kingine, mwanangu? Sasa mtu akikuita hivyo, kwa sauti ile, utamjibu hakuna kingine? Nikasema kuku wetu wameanza kutaga.

Anakuja Jumamosi kuchukua mayai.

Hatuna kuku. Lakini kesho nitapita sokoni, na mume wangu, roho yangu, keshaenda kibarazani na drili, anatoboa matundu ya hewa kwenye friji bovu.