Vumbi Jekundu kwenye Diski

Jumatatu, 4 Machi
Leo ni leo! Turbini, ile mashine ya kufua umeme, imefunguliwa. Mhandisi mkuu anakuja Alhamisi kuchagua msimamizi wa karakana. Ni mimi au Miwani, yule dada mkaguzi anayetembea na tochi mchana kweupe. Nimekuta vumbi jekundu pale mashina ya mapanga yake yanapochomekwa kwenye diski, lile gurudumu la katikati. Mashina saba. Aibu gani hii, na wageni wanakuja! Nimepangusa kwa mafuta ya taa mpaka yakang'aa. Nani mwingine angefikiria?

Jumanne, 5 Machi
Nimekwisha. Miwani amewaka. Anasema lile halikuwa uchafu. Eti turbini ikizunguka, shina na diski husuguana kidogo kidogo, chuma kinasagika, na penye vumbi ndipo ufa huanzia. Alitaka kupima mapanga saba, sasa lazima ang'oe yote tisini na sita. Akauliza nani kafuta. Nikasema labda upepo. Madirisha yote yamefungwa.

Jumatano, 6 Machi
Mpango! Nirudishe vumbi. Nimetwanga tofali kwenye kinu cha mke wangu. Akauliza nimeanza uganga au wazimu. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, akaninyang'anya mchi.

Nimepaka mashina saba. Yale yale? Sijui! Nilikuwa nimehesabu kuanzia juu, lakini kuna mtu kaizungusha diski. Juu ni wapi? Miaka kumi na tisa kazini, leo ndiyo nimegundua kwamba duara halina mwanzo. Nimepaka yaliyokuwa karibu.

Alhamisi, 7 Machi
Lahaula! Miwani amesugua vumbi langu kwa vidole mbele ya mhandisi mkuu. Akasema la chuma huwa laini kama poda, hili lina chenga, hili ni tofali. Kisha mapanga yakang'olewa, akaonyesha nyufa, mashina matatu. Hata moja halikuwa na tofali langu! Mhandisi mkuu akauliza panga likichomoka lingeruka upande gani. Miwani akanyoosha kidole. Kwenye meza yangu. Pale pale ninapoweka chupa ya chai. Nikaenda kuiondoa chupa. Niliogopa, sifichi.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye msimamizi. Hakunitaja kwa mhandisi mkuu, Mungu ambariki. Aliniita pembeni tu, akasema nisiguse kitu bila kuuliza. Nikaapa. Nusura nilie.

Sasa anatafuta naibu. Jioni nimebaki peke yangu karakanani, nikitafakari. Ghafla naona mtu kachorachora diski kwa chaki nyekundu, miduara mitatu mikubwa. Siku ya kwanza ya bosi mpya, kwenye karakana yake! Nimepangusa yote. Inang'aa. Kesho akiona, lazima atauliza ni nani.